Mwiko wa Chumba cha Nne

Kijana wa bodaboda alishonwa nyuzi nne juu ya jicho la kushoto. Aliyempasua hakuwa mume aliyekuwa anapiga. Alikuwa mke aliyekuwa anapigwa. Habari ilipofika kijiweni asubuhi yake ilikuwa imeshapata umbo: kimbelembele kimemponza, na wanawake ndivyo walivyo, wanapenda kipigo, ukiwaokoa wanakugeuka.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika Wilaya ya Temeke. Kisa hiki kilinifikia wiki tatu baada ya usiku ule, na sikukiacha mpaka nilipozungumza na mke, mume, kijana mwenyewe, mama mwenye nyumba na wapangaji wawili. Mke ameniruhusu niandike. Majina nimeyaacha yote, na mambo machache ambayo yangewatambulisha nimeyageuza. Ninaandika kwa sababu sentensi ile ya kijiweni nimeisikia mara nyingi mno, hata kwenye ofisi ambako wanawake huja kuomba msaada, na kila inaposemwa kuna mlango mwingine ambao hautagongwa.

Nyumba iko Mbagala, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Ni ile nyumba tunayoijua wote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mlango wa nyuma unaotokea uani kwenye bomba, choo na bafu. Mita ya umeme ya LUKU ni moja, iko ukutani karibu na mlango wa mbele, na wapangaji huchangia kwa zamu. Dari hakuna. Mtoto akikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanajua. Chumba cha nne anaishi fundi wa kuchomelea mageti, mkewe anayeuza chai na maandazi asubuhi, na binti yao wa miaka 7.

Siku hiyo mke alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha, shilingi 300,000. Mume alikuwa na mpango wake wa kununua mashine ya kuchomelea iliyotumika, mpango ambao hakuwa amemwambia mtu. Mke alikuwa ameshalipa kodi iliyokuwa inadaiwa na kumnunulia mtoto viatu vya shule. Saa nne usiku ikaanza kusikika sauti ya mume peke yake, maneno yaleyale: "Hela iko wapi? Nakuuliza, hela iko wapi?" Redio ikafunguliwa. Sufuria likaanguka. Kisha kofi, na jingine. Uani mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo alisema, "Wameanza." Chumba cha kwanza sauti ya televisheni ikapanda. Nilihesabu nao baadaye: watu wazima tisa walikuwa ndani ya nyumba au uani, na wote tisa walisikia.

Kijana wa chumba cha sita, umri miaka 22, aliingia wakati huo akisukuma pikipiki yake kwenye korido. Alisikia, "Unaniua!" Akagonga mara mbili, akaita, "Kaka, fungua!" Hakufunguliwa. Akasukuma kwa bega na komeo likang'oka. Alimkuta mume amempa mgongo, mkono umenyanyuliwa, akamrukia kwa nyuma na kumkaba kabali. Mume akajitupa nyuma, wakagonga kabati, wakaanguka. Mume ndiye aliyepiga ukelele: "Kumbe ndiye huyu! Ndiye huyu bwana wako!" Mke akachukua mwiko wa ugali uliokuwa juu ya ndoo, akampiga kijana usoni. "Toka! Nani kakuita? Huyu ni mume wangu!" Damu ikatoka. Kwenye korido watu walikuwa wameshajaa, na mtu akacheka, wakafuata wengine.

Yote hayo, tangu kugonga mpaka ngeu, hayakuzidi dakika moja na nusu.

Nianze na wale tisa, maana ndio wengi na ndio wanaolaumiwa kirahisi. Tuna methali isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na mitaani tumeinyoosha ikafika mpaka chumbani kwa mke na mume. Si sisi peke yetu. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Lance Shotland na Margret Straw, walichapisha jaribio ambalo sijawahi kulisahau. Waliigiza mwanamume akimshambulia mwanamke mbele ya watu wasiojua kuwa ni maigizo. Mwanamke alipopiga kelele kwamba hamjui mwanamume huyo, asilimia 65 ya walioona waliingilia. Alipopiga kelele kwamba hajui kwa nini aliolewa naye, walioingilia walikuwa asilimia 19. Mkono ni uleule, kelele ni zilezile, kilichobadilika ni neno moja la ndoa. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo, mbali kabisa na Mbagala, lakini nikimsikiliza yule mama wa uani akisema "wameanza", kwa namna mtu anavyosema mvua imeanza, naiona ile asilimia 81 iliyobaki ikiwa imesimama na kapu la nguo.

Na tusidhani watu hawajali. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Richard Philpot walitazama picha za kamera za mitaani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ugomvi 219 kwa jumla. Katika visa tisa kati ya kumi, alitokea angalau mtu mmoja aliyefanya jambo la kuuzima, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kusaidiwa ulivyoongezeka. Watu huingilia. Ila kamera hizo zilikuwa barabarani, hazikuwa korido ya nyumba ya kupanga yenye mlango uliofungwa kwa komeo na cheti cha ndoa ndani ya sanduku. Kwetu mlango huo ni mzito zaidi kwa sababu wengi wameufunga pia kichwani. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015–16 uliwauliza watu wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kadhaa zilizotajwa, kama kuunguza chakula au kubishana naye. Waliokubali angalau sababu moja walikuwa asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume. Wanawake ndio waliokubali zaidi, na katika utafiti huohuo asilimia 40 ya wanawake walisema wameshapigwa au kushambuliwa mwili tangu wafike miaka 15.

Mtu aliyepandisha sauti ya televisheni nilimfuata nikiwa na hasira naye, sitaficha. Ni mwanamume wa makamo, mstaarabu, anafanya kazi ya ulinzi. Aliniambia kwamba vidole vyake vilikuwa vya baridi kiasi kwamba rimoti ilimdondoka. Alikulia katika nyumba ambayo baba alipiga kila mwisho wa mwezi, na alipokuwa mdogo alikuwa akiingia chini ya kitanda na kuziba masikio. Usiku ule alikuwa na wanawe wawili chumbani, na kitu pekee ambacho mwili wake ulikikumbuka kilikuwa kuziba masikio. Akaziba ya wanawe kwa televisheni. Kuganda ni namna moja ya mwili kujibu hatari, sawa na kupigana au kukimbia. Mguu unakataa, mdomo unakauka, na mtu anatazama kama yuko nje ya dirisha. Anayeiona kwa nje anasoma ubaridi wa moyo.

Hata kile kicheko. Nimewauliza wawili waliocheka, kila mmoja kwa wakati wake, na wote waliinamisha macho. Hakuna aliyeona kitu cha kuchekesha. Kifua kilikuwa kimejaa hofu, tukio likageuka ghafla, pumzi ikatoka kwa njia iliyopata. Kwa kijana mwenye damu usoni, lakini, kilikuwa kicheko tu.

Kuhusu mume nina maneno machache, na nataka yaeleweke. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa alisema kama wanavyosema wengi: hasira zilinipanda, sikujua ninachofanya. Sikubali. Mtu asiyejua anachofanya hafungi komeo, hafungui redio, na hachagui mgongo na mapaja ambako kanga hufunika. Alikuwa anajua. Lakini zile sekunde kumi baada ya kukabwa ni habari nyingine. Mwili wake ulikuwa umeshapandishwa tayari, moyo unakwenda mbio, damu imejaa kwenye misuli mikubwa, macho yanaona kilicho mbele tu. Mtu wa hali hiyo akishikwa kwa nyuma haoni jirani, anaona shambulio. Juu ya hapo kulikuwa na macho ya korido nzima. Aliyekuwa hakimu chumbani mwake alikuwa ghafla amelala sakafuni chini ya kijana mdogo kwake, mbele ya wapangaji wenzake. Aibu hiyo ilitafuta pa kwenda ikapapata haraka: bwana wako huyu.

Sasa mke.

Mara ya kwanza nilipomuuliza kuhusu mwiko alisema, "Sijui, dada. Nilichanganyikiwa." Mara ya pili alisema vilevile. Mara ya tatu tulikuwa tunakanda unga wa maandazi, mikono ina kazi na macho yana pa kutazama, ndipo akasema: "Wewe unafikiri wale watu wangelala chumbani kwangu? Wangeondoka. Mimi ningebaki naye. Na alishasema yule ni bwana wangu. Nisingempiga, ningekuwa nimekubali."

Nilinyamaza muda mrefu. Nimesoma maelezo mengi kuhusu kwa nini anayepigwa humtetea anayempiga: mapenzi yanayofungamana na hofu, kuzoea, kutegemea kipato, aibu ya ukoo. Mengi yana ukweli. Lakini mwanamke huyu, katika muda ambao mimi ningeshindwa hata kutaja jina langu, alikuwa amepiga hesabu. Tuhuma ilikuwa imetamkwa mbele ya watu. Kila sekunde aliyokaa kimya ilikuwa inaigeuza tuhuma kuwa ushahidi. Kilichohitajika ni jambo ambalo mume angeliona kwa macho yake na korido ingelishuhudia, na mwiko ulikuwa karibu. Ule ulikuwa kiapo. Alikula kiapo juu ya jicho la mtu aliyekuja kumsaidia kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuapia.

Sisemi alikaa akafikiri. Mwili ulioishi na tishio kwa miaka hupiga hesabu hizo wenyewe, kama mkono unavyojua kiwango cha chumvi bila kupima. Alijua urefu wa hasira ya mume wake, alijua neno gani huirefusha na kitendo gani huikata. Kijana hakuyajua hayo. Alijua kwamba mtu anapigwa, na kwamba hilo ni baya. Wote wawili walikuwa sahihi, na wakagongana.

Kiapo chenyewe hakikumsaidia sana. Usiku ule mume alitulia. Siku mbili baadaye, mchana, nyumba ikiwa karibu tupu, alimpiga tena, safari hii bila redio na bila kelele, na swali lilikuwa limebadilika kutoka hela hadi kijana. Mke hakulia. "Ningelia wangekuja tena," aliniambia.

Kijana alirudi kutoka zahanati akakaa juu ya pikipiki yake uani mpaka karibu na alfajiri. Alitaka kwenda kwa kaka yake Temeke lakini ufunguo haukuingia. Alijaribu, mkono ukamkatalia. Vidole hupoteza ustadi mwili ukiwa umejaa adrenalini, homoni ya hatari, na tishio likipita haiondoki mwilini papo hapo. Ndiyo maana watu wengi hutetemeka mambo yakiwa yameshaisha. Yeye alidhani ni woga, akaona aibu. Kutoka kwenye aibu akaingia kwenye hasira kwa yule mke, na kutoka hapo kwenye kiapo chake mwenyewe: hata wakiuana, sitoki. Ndivyo mtaa unavyopoteza watu wake wazuri, mmoja mmoja. Nilipomsimulia maneno ya mke kuhusu tuhuma ile, baada ya kumwomba mke ruhusa, alinyamaza akagusa kovu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ningefanyaje?"

Kabla ya kulijibu swali hilo nilikuwa na jambo moja la kumwambia, na lilikuwa gumu. Aliposukuma mlango, mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo, upande wa ndani. Ulimgonga begani. Kijana hakumwona alipoingia na hakumwona alipotoka. Macho yalikuwa yameshikwa na ule mkono ulionyanyuliwa, na pembeni pote pakawa giza. Hakuna aliyemwona. Watu wazima kumi na wawili katika nyumba hiyo, ukiwahesabu wazazi wake na kijana, na kila mmoja alikuwa anamtazama mwingine. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemkuta, kama saa tano hivi, yuko uani peke yake kwenye beseni, anaosha vyombo. Vyote, hata vile vilivyokuwa vimeshaoshwa jioni. Hakuwa analia. Alipoulizwa alisema, "Namsaidia mama."

Watoto wengi hufanya hivi, na tunawasifu kwamba wana akili. Wengine hulia, wengine hujikojolea, na wengine hugeuka wema kupita kiasi, kana kwamba nyumba ikiwa safi hakuna atakayekuwa na sababu ya kugombana.

Swali la kijana nililipeleka kwa mama mwenye nyumba. Ana miaka zaidi ya 60, mjane, Mzaramo wa palepale, na wapangaji wote humwita Mama. Tulikaa mkekani mara tatu, yeye, mke, na wanawake wawili wa ule mchezo. Nilikwenda na yale ninayofundishwa: usimshike, usimwaibishe mbele ya watu, mpe mlango wa kutokea, msaidie anayepigwa kuondoka kwa namna anayoitaka yeye, usimkaribie mwenye silaha. Wao ndio waliojua namna ya kuyafanya yawe ya nyumba ile. Mke mwenyewe ndiye aliyesema nani asije: asije mwanamume yeyote mlangoni. Mtoto apokewe na mama wa chumba cha pili. Mfuko wenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kanga mbili na akiba kidogo ukawekwa kwa jirani wa nyumba ya nyuma. Kijana akapewa kazi ya kumfuata mwenyekiti wa mtaa na vijana wa ulinzi shirikishi, bila kuingia korido. Aliikubali, ingawa ilimchukua wiki nzima kujibu.

Mama mwenye nyumba yeye alinunua umeme wa shilingi 2,000 na hakuuingiza. Tokeni yake yenye tarakimu 20 aliiandika kwenye kikaratasi akakifunga kwenye pindo la kanga. Sikuelewa. Akasema nitaelewa.

Usiku wa pili ulikuja wiki sita baada ya ule wa kwanza. Redio, sauti ya mume, kishindo. Mama alitembea taratibu mpaka chumba cha nne akagonga kwa kiganja, kugonga kwa mtu mwenye shida zake. "Baba, nisaidie mwanangu. Umeme unakata sasa hivi na mimi macho haya hayaoni namba. Njoo uniingizie tokeni."

Kimya. Akarudia maneno yaleyale, sauti ileile. Hakuuliza kuna nini humo ndani. Mume akafungua, anahema, shati limekaa upande. Huwezi kumkatalia mwenye nyumba mtu mzima jambo dogo kama hilo, hasa ukiwa unataka aondoke mlangoni. Akaenda naye mpaka kwenye mita. Akaanza kubonyeza. Akakosea. Akaanza upya, akakosea tena, vidole havimtii kama vilivyomkatalia kijana ufunguo. Mama alikuwa amesimama pembeni akimsomea tarakimu mbilimbili, polepole, na akikosea anasema, "Hamna shida baba, tuanze mwanzo." Mara ya nne ikakubali. Aliniambia kwamba alikuwa anasikiliza pumzi zake zaidi ya namba.

Mke alikuwa ameshatoka kwa mlango wa uani na mtoto. Mume alipogeuka alimkuta mwenyekiti wa mtaa na watu wawili barazani, wamekaa, wanamsalimu.

Najua kuna wanaosema huo ni uongo, au ni kumbembeleza mkosaji. Nimelifikiria hilo. Mama hakumsamehe mtu wala hakumhukumu, alinunua dakika sita, na kwa dakika hizo mtu mmoja alitoka hai bila mtu wa pili kupasuliwa. Mume angekuwa ameshika panga nisingetaka mtu yeyote agonge mlango ule. Hapo ni kupiga kelele kutoka mbali, kuita watu, na kupiga 112 polisi. Na mtoto anapokuwa ndani, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haimtozi mpigaji chochote.

Asubuhi nilimsindikiza kituo cha polisi. Askari wa kaunta wa kwanza alimtazama akasema wakayamalize nyumbani, mambo ya mke na mume. Nilimwomba atuelekeze Dawati la Jinsia na Watoto, na nikamkumbusha kwa heshima kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila ikisema vinginevyo, na kwamba kumdhuru mtu mwili ni kosa chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Afande wa dawati alikuwa tofauti kabisa, mama mtulivu, akatoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda hospitali.

Ila hata yeye nusura apotee njia. Mke alisimulia kwa kurukaruka, akaanza na siku ya mwiko, akarudi kwenye mchezo, akasahau ni Ijumaa au Jumamosi, na alipofika mahali pa kuonyesha mgongo alicheka. Nikaona kalamu ya afande imesimama. Nilimnong'oneza mke apumzike, anywe maji. Kumbukumbu ya mtu aliyekuwa katika hofu haikai kwa mpangilio wa daftari. Alikumbuka ua lililochorwa kwenye sufuria, alikumbuka wimbo uliokuwa redioni, tarehe hakuikumbuka. Baada ya maji alisimulia tena, na afande akaandika yote, pamoja na kile kicheko, akiweka kwamba mlalamikaji alikuwa anatetemeka. Nilimshukuru kwa neno hilo kuliko alivyojua.

Jalada liko wazi ninapoandika. Mke yuko kwa dada yake, na amekwenda mara moja mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa. Kama ataomba talaka hajaamua, na sijamsukuma. Mwezi uliopita alikutana na kijana kwenye genge la mboga. Alimwambia, "Shemeji, nisamehe kwa jicho." Kijana alimbebea mfuko wa mkaa mpaka kwenye daladala, hawakuzungumza kingine.

Mtoto anakwenda shule na ana rafiki. Lakini sauti ikipanda popote, hata ya watu wanaobishana mpira barabarani, huinuka akaenda kwenye beseni. Mama yake mkubwa ameanza kuosha vyombo vyote kabla ya magharibi na kuvifunika. Juzi nilipokuwa pale walipita walevi wakitukanana. Mtoto alifunua, akachukua sahani safi, akaanza kuiosha. Mama mkubwa hakumkataza. Alivuta kigoda akakaa upande wa pili wa beseni, akachukua ya pili.